Mama Mkwe Alivyonishikisha Keria

Leo sina uso, jamani.

Ninaandika nikiwa kwenye intaneti kafe hapa mjini Dodoma. Nimelipia nusu saa, na nyumbani siwezi kurudi kwa sasa maana bado wanacheka. Nawaandikia ninyi niliosoma nanyi kwa sababu mko mbali na hamtaniona.

Mnamfahamu mke wangu, Esta. Kwa Jumamosi sita mfululizo amekuwa akiniaga saa tisa alasiri: "Baba Neema, naenda kumsalimia mama." Mama yake anakaa Kikuyu, mtaa wa hapa hapa mjini. Sawa, mzazi husalimiwa. Lakini kila Jumamosi? Tena anarudi jioni ana vumbi magotini, kiwiko kimechubuka, na anaimba!

Nilimweleza Masanja wa ofisini kwetu. Akatikisa kichwa. "Mwanamke akirudi anaimba, uliza wimbo kafundishwa na nani." (Masanja ameachwa na wake wawili. Hilo nilipaswa kulikumbuka mapema.)

Tatizo ni kwamba kwa mama mkwe mimi siendi kuchungulia. Kwetu mkwe ni mkwe. Tangu nioe, nikimwona njiani ninapisha, nainamisha kichwa, naye anajifunika kanga usoni anapita. Miaka kumi na mitatu namjua mgongo tu. Sasa niambieni, mtu akitaka kudanganya atapata kisingizio gani kizuri kuliko hicho? Anaweza kusema yuko kwa mama yake mpaka kiama, nami sina pa kuulizia.

Jana nikapekua kikapu chake. Chini kabisa, chini ya fungu la mlenda mkavu, nikakuta suruali. Ya kiume! Si yangu, maana kiuno kile mimi nilikiaga zamani. Usiku mzima sikulala. Nilimpenda mwanamke yule, na niliona wazi kwamba ananitoka.

Basi leo nikaamua. Dada yangu alisahau gauni kwetu alipokuja likizo, gauni pana la maua. Nikalivaa juu ya suruali niliyoikunja mpaka magotini. Kanga moja kiunoni, nyingine nikajizungushia kichwani na usoni, yakabaki macho. Kwa upepo wa mwezi huu nusu ya wanawake wa Dodoma wanatembea hivyo, vumbi haliwachagui. (Nilijitazama kwenye kioo. Nikajiona mama mzima. Ndivyo wivu unavyompofusha mtu.)

Nikamfuata kwa mbali. Akaingia kweli kwa mama yake. Nikajibanza nyuma ya ua wa minyaa, nikasubiri.

Mara akatoka mwanamume mwembamba, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, anakokota baiskeli. Na kavaa suruali ile ile! Nyuma yake anatoka mama mkwe mwenyewe, anacheka, anampigapiga mgongoni. Kumbe hata mama mkwe yumo!

Sijui nilijongea vipi, ila mama mkwe akaniona.

"Wewe mama! Mbona umesimama hapo kama unahesabu kuku wangu? Njoo unisaidie, mgongo wangu umechoka."

Ningekimbia, lakini kanga ya kiunoni ilinibana miguu. Nikatoa sauti nyembamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sauti imepatwa na nini?"

"Mafua, mama."

"Ni vumbi hili. Haya, shika keria hapo nyuma ya kiti, na usiachie."

Nikaikusanya kanga kwa mkono mmoja, nikashika! Yule mwanamume akapanda, tukaanza kukimbia uwanjani, mimi nyuma nikihema. Nilikuwa najiambia tukifika kwenye kona nampiga mweleka.

"Mama, msiniachie!" akapiga kelele.

Ilikuwa sauti ya Esta.

Lakini keria sikuiachia. Tulipopumzika, Esta akaenda kunywa maji. Mama mkwe akaketi kando yangu (kando yangu!) akaanza kunisimulia kama shoga yake.

"Huyu binti yangu. Mjukuu wangu amerudia darasa la nne, akasema basi, shule haitaki tena, kichwa chake kizito. Mama yake akamwambia, mimi na umri huu baiskeli siijui. Kila Jumamosi nitaanguka mbele yako, na wewe kila Jumamosi utanisomea kurasa mbili. Tuone nani ataacha kwanza. Ameanguka mpaka nimechoka kuhesabu. Na mtoto sasa anasoma!"

Mimi nilidhani Neema yuko tuisheni.

"Na mumewe anajua?" nikauliza kwa mafua yangu.

"Yule asijue! Si mtu mbaya, lakini ana kicheko. Binti yangu alipojaribu cherehani, alimcheka mshono wa kwanza. Cherehani haijaguswa tena."

Iliniuma, jamani. Nilikuwa nimeshasahau kabisa kicheko kile.

Esta akarudi, akapanda. Nikashika keria kwa moyo wote sasa, nakimbia kama nimeajiriwa. Ndipo Neema akatoka ndani na kitabu chake. Akatazama gauni. Akatazama miguu yangu.

"Baba! Mbona umevaa gauni la shangazi?"

Niliachia keria. Kanga ikaniponyoka usoni. Mama mkwe akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akapiga ukelele, akajifunika kichwa kizima na kugeukia ukuta. Majirani wakaanza kutoka.

Na Esta? Esta alikuwa anakwenda! Peke yake! Alizunguka uwanja mzima, akakata kona, akaja usawa wetu akicheka kwa furaha, ndipo akaniona. Akaingia kwenye minyaa.

Nilipomwinua, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nimefika wapi kabla sijaanguka?"

"Umezunguka uwanja wote," nikamwambia. Machozi yalinilenga. Kisha akanitazama kuanzia maua ya gauni mpaka chini, akakaa palepale mchangani, akacheka mpaka akashika mbavu.

Mbuzi wa kumwomba radhi mama mkwe nitamtafuta, hilo halina mjadala. Ila nawaomba ninyi msinicheke. Nimeshaona leo kicheko kinavyoweza kumwachisha mtu jambo, na mimi ruhusa ya kuacha sina. Nilipokuwa naondoka kichwa chini, mama mkwe alisema akiwa bado ameukabili ukuta:

"Neema, mwambie baba yako Jumamosi aje tena, anashika keria vizuri. Ila aje na suruali."