Picha ya Dada na Maandishi ya Kuwaka

Jumatatu, 3 Machi
Dada anafungua saluni Jumamosi. Kasimama mlangoni mwa chumba changu, hakuingia, akaniambia mashine za kukaushia nywele zinafika wiki hii na hazina pa kukaa. Macho yake yakapima chumba. Nikaropoka kwamba nitamtengenezea tangazo ambalo mtaa haujapata kuliona, na nikishindwa nitahama mwenyewe. Akasema sawa. Ulimi wangu huu!

Jumanne, 4 Machi
Kutwa juu ya simu. Programu ya kuhariri picha ni ya bure, ila kila dakika mbili inanionyesha tangazo la dawa ya mende. Lakini siri ya neoni, yale maandishi yanayowaka kama taa, nimeipata! Unaandika neno kwa nyeupe, unalinakili, nakala ya chini unaipaka waridi na kuitia ukungu. Unarudia mara tatu. Nyuma unafanya giza totoro, maana pasipo giza hakuna kung'aa. Katikati nimeweka picha ya Dada ya pasipoti, ndiyo pekee ambayo hakukenua meno. Juu, SALUNI MPYA, kwa zambarau. Chini, JUMAMOSI SAA NNE, NYOTE MNAKARIBISHWA. Kwenye simu inawaka kweli kweli. Nimeiangalia hadi chaji ikaisha.

Jumatano, 5 Machi
Fundi Brashi kaja na ngazi na makopo yake. Dada alikuwa amempa kazi ya kuandika ukutani! Nikamwambia mambo ya brashi yamepitwa na wakati, nikamwonyesha simu. Akaitazama sana, kisha akauliza kwa upole kama ukuta nao utachajiwa. Nimemfukuza. Simpendi yule mzee.

Alhamisi, 6 Machi
Mama wa duka la kuchapisha alinionya kwamba karatasi haitoi mwanga. Nikamwambia atoe hamsini. Zimetoka. Ole wangu. Waridi limekuwa rangi ya maini. Zambarau limezama kwenye weusi, SALUNI MPYA haionekani hata ukiinamisha karatasi juani. Nimebaki na weusi, uso wa Dada, siku na saa. Nimelia nyuma ya duka, kidogo tu. Kisha nikazibandika zote hamsini mtaa mzima. Huenda kwa mbali zinawaka.

Ijumaa, 7 Machi
Haziwaki.

Dada alikwenda kuchukua mashine tangu asubuhi. Mchana nikakuta uani viatu vimepangwa na majirani wameketi kimya. Fundi cherehani kafunga kibanda chake. Mama wa nyumba ya pili akanikumbatia, akaniuliza aliugua nini. Nikasema ilikuwa ghafla. Kwa nini nilisema hivyo? Dada akaingia getini na mashine kichwani. Mama wa nyumba ya pili alizimia, ikabidi amwagiwe maji. Walipoondoka wote, Dada alikaa kwenye ngazi za mlangoni.

"Mdogo wangu," akasema, "umenizika, na saa ukawatangazia."

Hakupaza sauti. Afadhali angenichapa.

Jumamosi, 8 Machi
Saa nne walikuja wengi, waliokuwa hawajasikia kwamba Dada yu hai, wamevaa nguo nyeusi. Hakuna aliyekubali kukaa kwenye kiti cha nywele. Walimshikashika Dada mikono, wakaenda zao. Saa sita Dada akampigia simu Fundi Brashi. Kwa nusu saa tu akaandika ukutani, herufi nyekundu kubwa kama milango: SALUNI. MWENYEWE MZIMA. Alasiri akaingia mteja wa kwanza. Jioni Dada akaniomba ufunguo wa chumba. Nikampa.

Jumapili, 9 Machi
Niko koridoni na begi langu. Kesho asubuhi nahamia kwa rafiki mwenye kochi. Chumbani mwangu mashine sita zimeenea sawasawa. Dada kapita mara mbili akiniruka kama begi, na hilo linaniuma kuliko chumba.

Nimejiuliza kutwa kosa lilikuwa wapi. Nimeligundua. Waridi! Ilitakiwa buluu!

Kwa hiyo nimemtengenezea picha ya kumwomba msamaha. Ile ile ya pasipoti, giza nyuma, na maandishi ya buluu yanayowaka: NISAMEHE DADA YANGU. SITAKUSAHAU. Haihitaji karatasi. Nimeituma kwenye kundi la ukoo, watu mia na kumi na wawili. Shangazi ameshapiga mara nne, analia hata kusema hawezi. Buluu imemgusa.