Uzinduzi wa Tatu wa Wodi ya Wazazi

Waheshimiwa wote mliotangulia kuheshimiwa, mwenyekiti wa kijiji, katekista wetu Evaristi, kwaya iliyoniimbia kuanzia kwenye daraja bovu mpaka hapa, wafugaji pamoja na mifugo yenu, wakulima wa mahindi na ulezi, na kipekee kabisa mimi mwenyewe, Mratibu Mwandamizi wa Uratibu wa Miradi, ambaye mshereheshaji amesahau vyeo vyangu viwili: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Jua lilikuwa utosini.)

Ndugu wananchi, wapo wanaonong'ona kwamba wodi hii niliizindua mwaka juzi, nikaizindua mwaka jana, na leo naizindua tena. Hawajasoma! Kitaalamu hii inaitwa rikapitulesheni, yaani marudio ya kisomi, neno nililofafanuliwa leo asubuhi na mwalimu Debora wa sekondari, yule pale, mwenye mimba ya miezi minane. (Makofi. Ya kwangu ndiyo yalikuwa marefu, maana mimi ninayeandika mabano haya ndiye mama yake, na Ufipa nzima hakuna mwalimu wa baiolojia wa kumfikia.)

Katika muziki, kwaya yenu imeanza na "karibu mgeni", ikapanda, ikashuka, ikazunguka kama ng'ombe wa mfugaji wenu Shedrack waliokosa njia ya bondeni, kisha ikarudi palepale "karibu mgeni". Mliwazomea? Hamkuwazomea, kwa sababu wimbo ulikuwa umefika nyumbani! Katika baiolojia, mtoto tumboni anarudia safari ya mababu wote, anaanza samaki, anakuwa mjusi, ndipo anakuwa Mfipa. (Debora akasimama: "Mheshimiwa, si nilikwambia hayo waliyasema wa zamani, sayansi ikayakataa? Humu ndani hakuna dagaa wa Kirando!" Watu walicheka mpaka kanga zikadondoka. Nikapaza sauti: "Mwanangu huyo!") Ahsante mwalimu, maoni yako yatafanyiwa upembuzi yakinifu. Na katika usemaji, msemaji bora huyakusanya mwishoni yale aliyoyasema mwanzoni yasije yakapotea. Kwa hiyo ofisi yangu ikirudia jambo, msiseme imeshindwa. Ni usomi huo!

Implimentesheni imefikia asilimia tisini na nne nukta sita. Geukeni mtazame nyuma yangu! Misingi arobaini na miwili imeinuka, ya duara, ya kisasa, imepangwa kwa mistari, na kila mmoja umeshindiliwa nyasi ndani ili kuhimili tetemeko! (Mama Bertila, mwenye shamba: "We baba, hizo ni ntumba zangu, matuta ya shamba! Nyasi nimezifukia mwenyewe zioze, juu nikapanda maharage. Hata hujaona majani?" Katekista alikaa chini kwa kucheka.) Ahsante mama, huo ndio ushirikishwaji wa wadau.

(Debora hakucheka. "Shikamoo Mheshimiwa. Mimi mwezi ujao nizalie wapi? Sumbawanga ni mbali, na hilo daraja umeliona.") Swali zuri sana, mwanangu. Utazalia kwenye mpango mkakati. (Nilimshika Debora mkono.)

Marudio, oyee! (Oyee ya mtu mmoja, dereva wake.) Uzinduzi, juu! Juu zaidi!

Kwa kuyakusanya yote, nawashukuru wanakwaya kwa wimbo, nawashukuru mafundi ambao tukishawapata watakuja, na namshukuru Mama Bertila kwa kutuazima shamba lake mpaka saa saba, sasa aendelee kupalilia. Utepe huu naona una mafundo mawili ya miaka iliyopita. Nikishaukata, mtu aufunge fundo la tatu, autunze vizuri, mwakani tutauhitaji. Ahsanteni sana!

(Akakata. Debora akauokota utepe, akaukunja, akautia mkobani. "Huu nabaki nao, Mheshimiwa. Mwezi ujao nikijifungulia njiani, mama yangu atahitaji kitu cha kufungia kitovu.")