Papa Maombi Akabidhi Mkasi

Jumanne, 6 Mei 2025
Leo nimeiona raha kwa macho yangu, na raha inakaa mjini, mtaa wa Area 47. Nilipeleka mapazia kwa Bambo Nkhwazi, mzee aliyestaafu kazi ya serikali. Nikamkuta kwenye khonde lake, baraza ya mbele yenye kivuli. Asubuhi imekwisha pambazuka zamani na yeye bado yuko na kandambili. Chai ya maziwa. Gazeti. Kila anayepita barabarani anamwamkia kwa heshima. Na jinsi anavyokaa! Ameegemea upande, bega moja juu, bega moja chini, mtu asiyekuwa na mkubwa wake duniani. Mimi nimeinamia mashine ya kushonea tangu ujana.

Nikamwuliza alistaafu akiwa na umri gani. Akasema sitini. Mimi nina arobaini na saba. Nitamshinda mbali.

Kufika Dzaleka, kambini kwetu, nilikuwa nimeshaamua. Mtu akiniambia mkimbizi hawezi kustaafu, nitamwomba anionyeshe sheria. Sheria inasema mengi kuhusu sisi kufanya kazi. Kuhusu kuacha kazi sijasikia ikisema kitu.

Alhamisi, 8 Mei
Nimemwambia mke wangu, Pascaline. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akauliza nani atashona. Nikajibu: wewe. Nimemfundisha mwenyewe, pindo na vifungo anaviweza, na mengine atayajua njiani. Yeye atakuwa kibandani sokoni, mimi nyumbani. Kazi itatoka kwake, hekima itatoka kwangu.

Akausimamisha mchi: “Papa Maombi, uko na hakika?” Nikasema hakika ninayo hadi ya kugawia majirani. Akasema basi ifanyike vizuri, na remise-reprise, mbele ya bantu.

Nimeoa mwanamke mwenye akili! Sisi watu wa Bukavu hatuamini kitu kimebadili mkono mpaka iwepo remise-reprise. Hata mtunza ngoma wa kwaya akiacha kazi, anazipanga ngoma mezani, anamkabidhi anayeingia mbele ya mashahidi, wanapeana mkono, mchungaji anaomba, watu wanapiga makofi. Baada ya hapo aliyetoka hana neno tena. Itakuwa sherehe nzuri sana.

Jumapili, 11 Mei
Nimeunda komite. Sherehe bila komite ni mkusanyiko wa wenye njaa. Rais wa komite nimemchagua Balagizi, fundi wa kibanda kinachotazamana na changu, adui yangu wa miaka yote. Huyu ndiye aliyeninyang'anya sare za kwaya kwa kusema suruali zangu zinawabana watu wa besi. Nimemchagua makusudi. Rais wa komite ni lazima amsifu mwenye sherehe, wazi, kanisani. Nataka kumwangalia usoni akinisifu.

Amekubali haraka mno. Ameumia, anaficha.

Jumamosi, 17 Mei
Siku kuu! Suti ya kijivu, viatu vya kuazima. Balagizi alinisifu hivi: “Papa Maombi alishona.” Akakaa. Wivu umemkaba koo.

Hotuba yangu ndiyo iliyobeba siku. Nilieleza nilivyoikumbatia mashine yangu tangu Bukavu, nikaacha sanduku la nguo ili nipate mikono ya kuibeba. Watu walifuta machozi. Kisha, kwa kuwa walikuwa wananisikiliza, nikaongeza jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi. Nikauinua mkasi na kuapa kwamba tangu leo sitaugusa tena, na atakayeniona nimeushika anikemee mbele ya watu. Makofi! Balagizi alipiga kuliko wote. Mchungaji Lévi akamwomba Mungu atie muhuri maneno yangu.

Pascaline aliupokea mkasi kwa mikono miwili. Nilipomwomba aurudishe kidogo tu kwa ajili ya picha, akasema picha zimetosha.

Jumatatu, 19 Mei
Siku ya kwanza ya uhuru. Khonde sina, nimejenga moja mbele ya nyumba kwa miti na hema la zamani. Kiti, chai, gazeti la mwezi jana. Nikaegemea upande, bega moja juu, bega moja chini, kama Bambo Nkhwazi. Upepo wa baridi ulilibeba hema, nikalirudisha.

Majirani walipita wakauliza ninaumwa wapi. Mama Arlette, kiongozi wa kwaya, akaniletea uji wa mgonjwa. Nikaunywa. Si vizuri kumkatisha mtu tamaa.

Alhamisi, 22 Mei
Shingo inaniuma kwa kuegemea. Ni ya kuzoea tu.

Hakuna aliyekuja kutafuta hekima. Kijana wa kabaza, teksi ya baiskeli, alisimama kulitazama gurudumu la baiskeli yake, nikaanza kumpa shauri la maisha, akapanda na kwenda na gurudumu lenye upepo mdogo hivyo hivyo. Mchana Balagizi akapendekeza niingie kamati ya misiba ya kanisa, kwa kuwa mimi sasa ni mtu asiye na kazi. Wanakamati wakakubali wote. Nimebeba mabenchi kutoka kanisani hadi kwenye matanga na kuyarudisha. Nilipokuwa nafanya kazi sikuwahi kuchoka hivi.

Jumatano, 28 Mei
Benchi limenichania suruali. Mkasi nimeapa, sindano sikuapa. Nikakaa khondeni nikaishona vizuri, uzi nikaukata kwa meno. Hapo ndipo Balagizi akapita. Akasema kwa sauti ya soko zima: “Papa Maombi, hiyo ni mukasi?” Nikamwonyesha kwamba ni meno. Ilibidi nimwonyeshe kila mtu aliyekusanyika. Mama mmoja alinikemea hata baada ya kuyaona.

Jioni nikapita kibandani, kwa mbali. Pascaline ameigeuza mashine itazame njia. Miaka yote ilitazama ukuta. Ameandika ubao mpya: MAMA MAOMBI COUTURE. Wanawake wamejaa, wanacheka, wanachagua mishono. Kwenye kigoda changu ameweka mto. Mimi nilikalia ubao mtupu na sikuwahi kufikiri mto unawezekana.

Nimeumia. Naandika hivyo kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Naitaka mashine yangu. Lakini mtu aliyepigiwa makofi akiondoka anarudije? Lazima niombwe. Waje wao wapige magoti, mimi nikatae kidogo, kisha nikubali.

Jumatatu, 2 Juni
Nimepata njia: nitakuwa mshauri wa kibanda. Mshauri hagusi mkasi, anagusa akili za wengine.

Nilipofika nikakuta mambo mawili. La kwanza, Bambo Nkhwazi anamwoza binti yake na suti yake imeagizwa kwa Pascaline. Mke wangu amekwenda mwenyewe Area 47 kumpima. La pili ni baya zaidi: Balagizi amevuka njia na kigoda chake. Pascaline amemwajiri akate vitambaa! Nikamwuliza mke wangu kama amesahau tunamchukia. Akasema yeye hakuwahi kumchukia, hakupata muda.

Nikaanza kushauri. Nilishauri kuhusu uzi, kola, mwanga na jinsi Balagizi anavyopumua. Pascaline akanipa pasi ya mkaa na rundo la nguo. Si kupiga pasi hasa. Ni kusimamia moto.

Ijumaa, 6 Juni
Mungu hamsahau mja wake. Nimeliona koti la Bambo Nkhwazi. Bega moja limejazwa pamba mpaka limevimba, bega la pili bapa kabisa. Mwanafunzi wa juma la kwanza asingefanya hivyo. Nikamwita Pascaline pembeni nikamwonyesha. Alikuwa na pini mdomoni, akatikisa kichwa tu, maana yake niache. Balagizi akasema aliyestaafu apumzike.

Sawa. Jumatatu koti linakwenda Area 47. Mzee atalivaa, atafanana na mtu aliyebeba ndizi upande mmoja, na jina la nyumba yangu litaishia hapo. Nani atakuwa ameliokoa? Jumapili ni Pentekoste. Watu wote watakuwa kanisani, na koti linalala nyumbani kwetu.

Jumapili, 8 Juni
Nitaandika kwa ufupi.

Mahubiri yalipopamba moto nikatoka kama mtu anayekwenda haja. Koti lilikuwa limetundikwa chumbani, mkasi mezani. Nikauambia mkasi: leo tu. Nikafumua bega lililovimba, nikatoa pamba yote, nikapunguza kitambaa kilichozidi. Mabega yakalingana sawasawa. Sijawahi kukata vizuri hivyo. Mikono ilikuwa inaimba.

Kumbe si mikono. Ilikuwa kwaya. Mchungaji Lévi alikiona kiti changu kitupu, akawaambia waumini kwamba wanaostaafu huugua upesi, na kwamba siku ya Pentekoste haifai mgonjwa kuachwa peke yake. Akawatoa kanisani waje kuniombea. Waliingia wakiimba, wakanikuta nimesimama, mzima, mkasi mkononi. Wimbo ulizimika kwa zamu, sauti za juu kwanza, besi mwisho.

Balagizi akauliza polepole: “Njo huyu mugonjwa?”

Wakanikemea. Wote, mmoja mmoja, kama nilivyoagiza mwenyewe. Mama Arlette alirudi kwenye mstari akakemea mara ya pili.

Pascaline hakunikemea. Alilichukua koti, akaligeuza, akauliza bega limekwenda wapi. Nikamweleza nimelisawazisha. Akakaa kitandani. Akasema Bambo Nkhwazi bega lake moja liko chini, alianguka na baiskeli utotoni na mfupa ukaunga vibaya. Pamba ilikuwa ya kuliinua, ili siku ya binti yake asimame sawa. “Weye ulifika kwake. Haukuona?”

Niliona. Niliona vizuri sana. Tangu nistaafu nimekaa khondeni kwangu, shingo inaniuma, nikiiga mfupa uliovunjika.

Jumatatu, 9 Juni
Kabla ya jua Pascaline aliniamsha, tukaenda kibandani, Balagizi akatukuta huko. Kitambaa nilichokata hakirudi, bega linataka kiraka, na kiraka kwenye suti ya harusi kikionekana tumekwisha. Akasema Balagizi anajua kukata, yeye anajua kupima, lakini kuunga kitambaa mpaka jicho lisione anajua mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mpumbavu. Akakivuta kigoda. “Ikala, Papa Maombi. Mukasi ni wangu. Mashine fanya.”

Nikakaa. Kuhusu mashine sikuapa. Miguu ilipoanza kusukuma, macho yakajaa machozi. Nikasema ni moshi wa pasi. Pasi haikuwa imewashwa. Balagizi akatazama kwingine, akasema kweli kuna moshi.

Mchana tukalipeleka. Bambo Nkhwazi akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akasimama sawa kama askari. Akamshika Pascaline mkono, zikomo, zikomo kwambiri. Asante isiyokwisha. Wakati wa kuaga akanivuta pembeni akaniuliza kama pale kwetu hakuna kazi yoyote, hata kufungua mlango. Tangu astaafu anakaa tu kwenye khonde na siku haziishi. Chai anakunywa ili apate kitu cha kufanya.

Maskini. Amestaafu vibaya.

Jumamosi, 21 Juni
Jambo limewekwa sawa kanisani, kwa remise-reprise ya pili. Kibanda ni cha Pascaline. Mkasi ni wake. Mimi nimekabidhiwa rasmi pasi ya mkaa asubuhi na mashine mchana. Mchungaji Lévi akaomba, fupi. Nyumbani Pascaline akaniambia angeweza kuendelea bila mimi, alishaona anaweza, ila alichoka kuniona pale nje nimejikunja kama nguo iliyoanikwa vibaya. Kisha akaniwekea mto wa pili kwenye kigoda. Nikashika mkono wake uliokuwa bado na chaki.

Kwa hiyo nina mto, nina mashine, ubao una jina la Maombi, mtoto wangu. Balagizi amekiri leo kwamba mshono wangu wa bega hauonekani. Nilimwomba arudie kwa sauti, hakurudia. Mtu mwenye mambo haya yote anatakiwa ashukuru na kunyamaza.

Lakini nimelitafakari na nimeliona kosa. Kustaafu kulikuwa sahihi, nilianza tu na kifaa kisichofaa. Mkasi ni mkubwa mno kuanza nao. Mtu anatakiwa aanze na kidogo. Nimeshamwomba Balagizi awe rais wa komite, na safari hii pia amekubali haraka. Hotuba ipo tayari. Nitaiinua pasi juu mbele ya kanisa zima, na kuapa kwamba tangu siku hiyo sitaigusa tena, na atakayeniona nimeishika anikemee mbele ya watu.