Mama Mkwe na Kipaza Sauti cha Stendi

Leo nimejivua nguo stendi, na gauni nilikuwa nimelivaa.

Niwaeleze taratibu. Mama yake Deo, mchumba wangu, alikuwa anakuja Sumbawanga kuniona kwa mara ya kwanza. Anatoka Kipili, huko ziwani, na anauza samaki. Deo mwenyewe yuko kazini Mpanda, kwa hiyo kumpokea ni mimi peke yangu. Deo alinionya: "Mama ni mpole, ila hapendi uongo." Nikasema sawa. (Nilikuwa sijasikiliza.)

Saa tatu mama akapiga simu. Basi limeshapita Namanyere, na chaji inamwishia.

"Usijali mama, mimi nipo hapa stendi tangu saa mbili."

Simu yake ikazimika. Na mimi nilikuwa saluni, kichwa nusu rasta, nusu afro.

Nikafika stendi saa nne na nusu. Basi la Kipili limeshapaki, tupu, linafagiliwa. Nikatafuta kwenye mabenchi ya abiria. Hayupo. Ofisi ya mizigo, hayupo. Kwa mama lishe, hayupo. Hata chooni nilichungulia, mlinzi akaniambia nilipie kwanza. Simu yake haipatikani. Nikaanza kuona ndoa inaondoka bila mimi, kama basi.

Ndipo nikakumbuka chumba cha matangazo. Ni kidogo tu, dirisha la kioo limefungwa kwa sababu ya ule upepo wetu, meza moja na kipaza sauti. Mtangazaji, kaka mmoja mwenye sweta na kofia ya sufu, akaniuliza jina la mama. Akawasha, akapuliza "fuu, fuu", halafu kondakta wa basi la Laela akamwita nje wakaanza kubishana kuhusu saa ya kuondoka.

"Nakuja dada, kaa hapo."

Nikakaa. Kile kipaza sauti kilikuwa na kitaa chekundu kinawaka. Nilidhani ni cha chaji.

Simu yangu ikaita. Yustina, shoga yangu. Nikapokea, nikaegemea meza.

"Shoga, sijamwona bado! Nimemwambia nipo hapa tangu saa mbili. Saa mbili ipi? Si nilikuwa nasukwa! ... Kuku ameiva? Wewe ndiye mkombozi wangu. Sasa sikia. Ukisikia tunafungua geti, toka kwa mlango wa nyuma. Mimi nitaingia jikoni nikoroge mchuzi, nijipake maji usoni, aone jasho la mkwe. ... Eeh, Deo amemwambia mimi napika sana. Deo amekula nini kwangu zaidi ya chai? ... Naogopa, Yustina. Nimeona picha yake. Yule mama akikutazama unakumbuka hata dhambi ulizokwisha kuungama."

Nikasikia kama mwangwi kwa mbali. Nikasema labda redio ya dukani.

Halafu nikatazama dirishani. Stendi nzima ilikuwa imesimama. Wapiga debe wamenyamaza (hilo peke yake lingenishtua). Mama lishe ameshika mwiko hewani. Mtangazaji anakuja mbio, kofia mkononi:

"Dada! Zima! Zima hiyo!"

Akaingia, akaminya kitufe. Kitaa kikazimika. Tukatazamana. Halafu, kwa sababu kazi ni kazi, akawasha tena na kusema kwa sauti yake nzuri ya kiofisi:

"Mama Deo kutoka Kipili, Mama Deo kutoka Kipili. Unaombwa kufika chumba cha matangazo. Mkwe wako anakusubiri."

Kicheko kilichopigwa hapo nadhani hata Muze, kule bondeni, walikisikia.

Hakuhitaji kufika. Alikuwa mlangoni. Mwanamke mrefu, kitenge kimefungwa vizuri, ndoo ya samaki, migebuka wa ziwani, mkononi. Kumbe muda wote alikuwa nyuma ya kile chumba, amejikinga upepo, chini ya spika yenyewe.

Nikapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Oliva?"

Nilifikiria kukataa. "Ndiyo mama."

Akanitazama kichwani. Muda mrefu.

"Rasta zimekaa vizuri."

"Asante mama."

"Mpigie huyo mwenzako. Asitoke kwa mlango wa nyuma. Mtu amepika, halafu akale wapi?"

Tukashika njia. Mimi ndoo mkononi, macho chini, watu wa bodaboda wananiamkia "shikamoo mkwe" mpaka tunakata kona.

Nyumbani amekula na Yustina, amemsifia kuku, wamecheka mpaka mama akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi nilikuwa namimina maji ya kunawa. Walipomaliza akanisogezea ile ndoo na kisu.

"Samaki unajua kumpasua?"

Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Nikaufunga.

"Sijui mama."

Ndipo akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Haya, kaa karibu." Alikuja kwa siku mbili. Sasa anasema atamaliza wiki.

Ninyi mliokuwa stendi leo, ombi langu ni moja tu: tukikutana sokoni, nisalimieni kama mtu msiyemfahamu.