Mdomo wa Bi Kengele Mbele ya Kamati ya Jalada

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyemtuma mwakilishi. Mheshimiwa Mwakilishi, uliyetuma salamu. Ndugu mleta salamu, ambaye tunaambiwa uko njiani. Wakuu wa idara, na ninyi mnaokaimu nafasi za wakuu waliokwenda kukaimu kwingine. Wajumbe wa Kamati Kuu ya Jalada, Kamati Ndogo ya Jalada na Kamati ya Kusuluhisha Kamati. Wasanii, ndugu muuza magazeti wa pale kwenye kona. Na zaidi ya wote mimi mwenyewe, Mkurugenzi wa Uratibu wa Muziki Unaoonekana kwa Macho: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, itazingatiwa. (Makofi. Mtu mmoja anapiga chafya, nayo inahesabiwa.)

Ndugu zangu, miaka mitatu iliyopita, kufuatia maelekezo kutoka juu, ofisi yangu ilikaa, ikatafakari, ikakaa tena, na ikaja na dira ya jarida la muziki litakalomvutia msomaji kabla hajajua kuwa ni msomaji. Na kwa kuwa hakuna anayeona tumbo la jarida kabla ya sura yake, tuliazimia kimkakati kuanza na jalada, ambapo utafiti wetu uliofanyika kwenye meza ya muuza magazeti, ukihusisha watu kumi na mmoja, saba kati yao wakiwa sisi wenyewe, ulibaini kuwa asilimia mia moja na nne ya wenye macho hutazama kwanza. (Muuza magazeti: “Nyie saba mlisoma bure mkaondoka!” Kicheko.)

Asante kwa fidibeki hiyo. Ndugu huyu ndiye aliyetueleza, nami nikamwelewa papo hapo, kwamba, “Mkubwa, mimi magazeti nayapanga yanalaliana kama vigae. Kinachoonekana ni kichwa tu. Mtu anapita na haraka zake. Macho ya kwenye picha yakimshika, huyo amekwisha.”

Tukamwajiri binti mmoja, msanifu wa kurasa, yule pale aliyekumbatia mkoba. Akatuletea picha ya shangazi yake, mama yetu Bi Kengele, tuliye naye hapa mstari wa mbele, shikamoo mama, ambaye ameimba kumbini miaka arobaini bila sura yake kuchapishwa popote, kwa sababu enzi zile bendi ikipigwa picha yeye aliambiwa ashike makoti ya wenzake. (Bi Kengele: “Makoti manane, mwanangu. Na kofia.”)

Jalada lile la kwanza lilikuwa na uso wa mama umejaa ukurasa, mdomo wazi katikati ya wimbo, macho yamemkazia mtazamaji, nyuma nyekundu tupu, jina la jarida juu kabisa, na maneno matatu tu: Sauti Haina Mvi. Kamati nzima ikasogea karibu. Mjumbe mmoja akafuta machozi. Hapo nikajua kuna tatizo. (Minong’ono.)

Kwanza macho. Kumkodolea mwananchi macho ni utovu wa nidhamu, kwa hiyo tukayageuza yatazame pembeni, ambako, kwa bahati njema, ipo picha yangu. Pili nyekundu, ambayo ina hisia. Tukaweka kijivu cha ukuta wa korido yetu, rangi isiyoegemea upande wowote. Tatu, tuliambiwa jina la jarida limekaa juu ya kichwa cha mtu mzima, jambo lisilo na adabu, tukalishusha chini, pale magazeti mengine yanapolifunika. Nne, binti huyu akatuambia ameacha nafasi wazi kuzunguka uso ili jicho lipumzike. Na mnajua wenyewe, ndugu zangu, ofisi ya umma ikisikia pana nafasi wazi inakuwaje. Maombi yalikuja mia mbili na kumi na nne. Nafasi zote zimejazwa, na wakuu wa vitengo kumi na wanne wamepata picha zao kwa haki na uwazi. (Makofi kutoka kwa watu kumi na wanne.)

Tano, mdomo. Mdomo uliofunguka ni tamko, na mama hana kibali cha kutoa tamko. Ukafungwa kwa kompyuta. Fundi mitambo, vuta kitambaa, jalada jipya lionekane!

(Kitambaa kinavutwa. Kiti kimoja kinalia.)

(Bi Kengele anasimama: “Mwanangu, mdomo wangu umekwenda wapi?”)

Uko kwenye mchakato, mama.

(“Miaka arobaini nimekula kwa mdomo huu. Makoti nilishika, sikusema. Leo mnanishikisha na ulimi?” Msanifu: “Shangazi, nisamehe. Niliwaambia. Niliwaambia kila wiki.” Bi Kengele: “Najua, mwanangu. Fungua huo mkoba.”)

Mkoba haumo kwenye ratiba! (Msanifu anatoa jalada la kwanza, analinyanyua kwa mikono miwili. Watu wa nyuma wanasimama. Mwanamke mmoja anasema, “Huyo ananitazama mimi!” Makofi, vigelegele, miguu inapigwa sakafuni.) Makofi hayo nayapokea kwa unyenyekevu. Ketini, tafadhali. Ndugu muuza magazeti, unampeleka wapi mama? (“Kwenye meza yangu, Mkubwa. Juu kabisa, kwa vibanio.” Bi Kengele anamshika mpwa wake mkono. Ukumbi unawafuata, pamoja na wakuu wa vitengo tisa.)

Nami kupitia dirishani naona, kwa kujivunia, kuwa wapita njia wanasimama, mwenye baiskeli ameshuka, na mama, inaonekana, anaimba. Hii ni impakti, ndugu zangu mliobaki watano na fundi mitambo, impakti ya moja kwa moja ya uongozi wangu. Jalada, juu! (Fundi mitambo: “Juu.”) Nafasi wazi, zijazwe! (Fundi mitambo anapiga miayo.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mpiga chapa wetu, aliyesubiri miaka mitatu apewe kitu cha kuchapa. Nawashukuru waandishi, ambao hawakuwahi kutafutwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru karani wa masjala, ambaye leo asubuhi, nikiwa nusu ya ngazi, amenikabidhi barua halisi ya maelekezo isemayo, nanukuu, “Kuhusu malalamiko ya kelele za muziki mtaani, fungua jalada,” mwisho wa kunukuu, akanifahamisha kwa upole kwamba jalada linalosemwa hapo ni faili, na kwamba jarida hakuna aliyeliagiza, halipo, wala halikuwahi kuwapo.

Asanteni sana kwa kuhudhuria uzinduzi wa faili.