Sikio Langu Gazetini

Ndugu zangu wa kundi la uandishi, leo nimepatikana! Nawaandikia vumbi la Nyakatuntu likiwa bado puani.

Mnakumbuka Deo wetu alivyorudi kutoka huku, vita vilipoisha tu? Makala gazetini, picha ya kundi letu juu yake, na kila jioni kisa kilekile: wanakijiji wanne walimsindikiza kama mfalme hadi kwa balozi wa nyumba kumi. Wanne! Anawaonyesha kwa vidole. Nilikosa usingizi. (Ndiyo, ni wivu. Sina jina jingine la kuupa.)

Basi leo alfajiri nikadandia lori la maharage. Dereva akaniacha Rubwera, nikashika njia kwa miguu. Migomba ilikuwa inadondosha umande, vilima vimelala kwa upole kama ng'ombe walioshiba. Nikatoa daftari, nikaandika kila kitu. Kila kitu!

Kabla ya kijiji, wanaume watatu wakatokea shambani. Mapanga, mkuki mmoja.

"Shikamooni."

"Marahaba. Unatoka wapi, ndugu?"

"Mbali. Nimekuja kuwaona."

Wakatazamana. Mwenye mkuki akasema, "Tangulia mbele, mgeni."

Mbele! Heshima iliyoje! Nikatangulia, kifua wazi. Kwenye kona wakaongezeka wawili. Kisimani, wanne. Nikageuka na kuhesabu: tisa. Deo, uko wapi? Akina mama wakatoka milangoni, nami nikawapungia mikono yote miwili. Tulipofika kwa balozi walikuwa kumi na nne. (Nilihesabu mara mbili.)

Balozi alikuwa mzee mfupi, amevaa koti juu ya kanzu. Nikapanda kwenye kizingiti chake, nikaanza:

"Ndugu wananchi, mapokezi haya sikuyastahili..."

"Maliza upesi," akasema balozi, "kisha utuambie nani kakutuma."

Ndipo nikaona kuwa mkuki ulikuwa umeelekea kwangu tangu kisimani.

Balozi akachukua daftari langu, akasoma kwa sauti: "'Daraja, magogo matatu. Nyumba ishirini hadi kilimani. Wanaume wengi wako mashambani asubuhi.' Haya ya nini?"

"Ni riwaya, mzee."

"Riwaya inahesabu magogo?"

"Jasusi huyo!" mtu akapaza sauti. "Apelekwe kwa wanajeshi!"

"Mimi ni mwandishi!" nikalia.

"Mwandishi tunayemjua ni mmoja," akasema balozi. "Deo. Alikaa hapa wiki nzima, akatusaidia kuezeka nyumba zilizoharibika. Unamjua?"

Ndugu zangu, nilifikiri. Wanajeshi, au Deo? Nakiri aibu yangu: nilifikiri kwa muda mrefu.

"Mimi... ni rafiki yake." (Klorokwini ni tamu kuliko maneno hayo.)

Balozi akabandua ukurasa wa gazeti ukutani. Deo katikati, meno yote nje. "Wewe uko wapi?"

"Hapo pembeni. Wamenikata."

"Hapa pana sikio tu."

"Ndilo langu, mzee."

Mkewe akaitwa. Akavaa miwani ya mumewe, akanishika sikio kama anayechagua nyanya, akanivuta hadi mlangoni penye mwanga. Kijiji kizima kikainama kutazama. Akaangalia gazeti, akaangalia sikio. Akalikunja kidogo.

"Ni lenyewe, waitu, jamani. Limechongoka juu vilevile."

Wakacheka hadi mkuki ukaanguka! Nikaletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni yeyote mwema, huku balozi akiandika kwenye daftari la wageni: "Rafiki wa Deo. Ametambuliwa kwa sikio."

"Usikasirike, mwanangu," akaniambia. "Tangu vita, kila mgeni tunamtanguliza mbele ili asitukimbie. Hata Deo tulimleta hivyohivyo."

Nikaacha kutafuna. "Deo naye?"

"Ee. Ila yeye alikuwa mpole, akilia, wanne walitosha. Wewe ulipunga mikono kama unayewaita wenzako vichakani, ikabidi tuitane."

Kesho narudi na mkungu wa ndizi. Si wangu, ni zawadi ya kijiji kwa Deo, nami ndiye mpagazi. Msinicheke. Mkionana naye kabla sijafika, muulizeni tu kwa upole: wale wanne, walikuwa mbele yake au nyuma?