Kapteni Gisiri Anatakiwa Kwingine

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeamua. Sihami. Lakini lazima ijulikane kwamba naweza kuhama.

Kisa ni hiki. Asubuhi tulitua Homa Bay kuchukua abiria, na pale kando ya uwanja ilikuwa imesimama ndege ya Furukombe Air. Mpya! Nyeupe kama jino la mtoto. Sisi wa Mbayuwayu Air tuna ndege ambayo kiti cha rubani kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Kapteni wao ni Willis, niliyesoma naye urubani, yule aliyewahi kutapika ndani ya kofia yake mwenyewe. Siku hizi ana miwani ya jua na tumbo. Alinisalimu kwa sauti kubwa ili abiria wangu wasikie. Akasema Furukombe wanatafuta makapteni, njoo kwetu bwana. Akacheka. Nami nikacheka. Beverly, rubani msaidizi wangu, hakucheka. Alikuwa anapanga mizigo.

Nimefikiri jioni nzima. Ndege yetu hulala Migori, kwa hivyo nami hulala Migori, ili asubuhi kuwe na mtu wa kuiamsha. Nyumba ya kupanga, mtaa wa Oruba. Kitanda, televisheni, kiti kimoja. Vilikuwa viwili, kimoja nilimwazima jirani, hajakirudisha, nami sijapata sababu ya kukidai. Bosi wetu, Bwana Mayaka, yuko Nairobi. Hunipigia simu ndege ikichelewa tu. Ikifika salama, kimya. Tatizo langu ni kwamba nimefika salama mara nyingi mno.

Mpango: Mayaka asikie kwamba Furukombe wananitaka. Ashtuke. Apige simu aseme, Gisiri, tafadhali usituache. Nitanyamaza kidogo. Halafu nitakubali kubaki. Ni jambo dogo sana.

Jumanne, 2 Septemba

Nimemwambia Beverly. Kwa siri kabisa! Nimemchagua yeye kwa sababu huongea tangu injini inapowaka mpaka inapozimwa: dada zake, kwaya yake, samaki waliochomwa vizuri na waliochomwa vibaya. Mtu wa namna hiyo hawezi kulala na siri.

Ndiyo kwanza tulikuwa tumeruka kutoka Migori, miwa imetandaa chini yetu. Nikasema, kama mtu asiyejali, kwamba Furukombe wananifuata. Akanigeukia. Akauliza kama nina hakika. Nikasema mambo yamefika mbali. Akanyamaza mpaka Nairobi. Haijawahi kutokea. Bila shaka alikuwa anapanga jinsi ya kuwaambia watu. Safi sana!

Alhamisi, 4 Septemba

Hakuna simu. Beverly hajamwambia mtu! Nilimuuliza kwa kuzunguka, eti ofisini wanasemaje siku hizi. Akaniapia kwamba siri yangu iko salama, hata mamake hajui. Uaminifu wa aina hii unamharibia mtu kazi.

Imebidi nijifanyie mwenyewe. Kampuni ina kikundi cha WhatsApp. Marubani, mafundi, wahasibu, wote wamo. Nikaandika kana kwamba namwandikia Willis: "Asante ndugu kwa ofa. Inavutia. Nipe muda nifikirie." Nikatuma, kisha nikafuta haraka kama mtu aliyekosea. Hesabu yangu ni kwamba ujumbe uliofutwa ndio huwakosesha watu usingizi. Nikasubiri. Fundi mmoja akauliza nilikuwa natuma nini. Nikajibu, si kitu. Akaandika, sawa.

Sawa!

Nimeutuma tena. Safari hii sikuufuta.

Ijumaa, 5 Septemba

Hongera! Kikundi kizima. Hongera Kapteni! Mungu ni mwema! Umetoka mbali! Wahasibu wametuma vikatuni vya mikono ikipiga makofi. Mtu nisiyemfahamu ametuma picha ya keki. Nimesoma zote, nikarudi mwanzo nikasoma tena, nikitafuta hata mmoja aliyeandika "usiende". Sikumwona.

Halafu Mayaka akapiga. Na ndege haikuwa imechelewa! Nikaacha simu iite kidogo, nisionekane na njaa. Akasema amefurahi sana kwa niaba yangu. Akasema kampuni ndogo kama yetu ni shule, watu wanasoma, wanaondoka, na hiyo ni sifa kwetu. Nilikuwa bado nasubiri neno "lakini".

"Kwa hivyo ni lini, Gisiri? Nipange watu."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikasikia sauti ikisema katikati ya mwezi. Ilikuwa sauti yangu, tena yenye furaha.

Jumapili, 7 Septemba

Nimempigia Mama, kijijini Kegonga. Nilitaka angalau yeye alie. Nikamwambia nahamia kampuni kubwa, ndege mpya. Akauliza kama hiyo ndege mpya itatua Kegonga. Nikamweleza kwamba Kegonga hakuna uwanja. Akasema barabara ipo, watu wanaipita. Halafu akasema kuna siku huniona nikipita juu ya shamba la mahindi, na yeye huacha jembe akasimama kunipungia mkono. Sikujua. Miaka yote hiyo nilikuwa natazama vipimo.

Nikamuuliza angependa nifanye nini, nibaki au niende.

"Gisiri, mimi nitajuaje? Wewe ndiye uko huko juu."

Akakata. Nilikaa na simu sikioni kwa muda, kana kwamba kuna aliyebaki upande wa pili.

Mchana mwenye nyumba akaja na mwalimu mmoja na mkewe, wanataka kuona nyumba. Mwenye nyumba alikuwa ameshasikia kwamba nahama! Mke wa mwalimu akazunguka akitazama kuta. Akasema sebule ni nzuri, inaonekana haijatumika. Mimi nilikuwa nimekaa ndani yake.

Jumanne, 9 Septemba

Hakuna njia nyingine. Uongo huu lazima ugeuke kweli. Furukombe wanichukue!

Tulipotua Homa Bay nilimvuta Willis pembeni. Nikamwambia nimelifikiria sana ombi lake. Akauliza ombi gani. Nikamkumbusha. Akakuna kichwa.

"Omera, ndugu yangu, mimi nilikuwa nakutania tu."

Lakini huruma ikamwingia. Mkubwa wake, Madam Liz, alikuwa amekuja kukagua ofisi yao ndogo pale uwanjani. Willis akanisukuma ndani abiria wangu wakiwa bado wanapimiwa mizigo.

Madam Liz akaniuliza swali moja: kwa nini nataka kuacha Mbayuwayu. Nilikuwa nimejiandaa kuwasema vibaya. Kile kiti! Ile simu isiyolia! Nikafungua kinywa. Nikajisikia nikimweleza asubuhi za Migori, ukungu ukiwa umejaza bonde la mto na sisi tumesimama tukisubiri uinuke. Beverly akiimba sauti ya pili ya kwaya yake huku akikagua mafuta. Nashon, askari wa uwanja, akifukuza ng'ombe, na yule mwekundu ambaye hatoki mpaka nimwashie taa. Bibi kutoka Kehancha aliyepanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda kumwona mwanawe hospitalini, akanishika mkono tulipofika na asiuachie. Niliongea kuliko nilivyoongea mwaka mzima. Madam Liz akaweka kalamu chini.

"Sasa Kapteni, mbona unaondoka?"

Swali lenyewe hilo! Nimelitafuta Nairobi, nimelitafuta Kegonga, na limetoka kwa mtu ambaye hakupaswa kuliuliza. Nikajibu kwamba natafuta kujiendeleza.

Akasema kwa upole kwamba nafasi ya kapteni hana. Anayo moja ya rubani msaidizi, na mtu anayemtaka anamjua, ila mtu huyo amekuwa akikataa tangu Juni. Nikasema huyo lazima ni mjinga. Akasema hapana, ni mtu makini sana.

Jumamosi, 13 Septemba

Sherehe ya kuniaga. Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo.

Ilifanyika kwa Phelesia, mwenye mgahawa karibu na uwanja, ambako nimekula chakula cha jioni tangu nije Migori, meza ya pembeni, uso ukutani. Alikuja Beverly. Alikuja Nashon. Mayaka alituma salamu. Phelesia alichinja jogoo na kuweka kitambaa mezani. Meza ya katikati. Ile yangu ameshampa muuza dawa za mifugo, mtu wa kelele, mwenye marafiki. Nashon aliomba sala ndefu kuhusu safari. Alitaja kila aina ya hatari ya angani, nyingine sikuwahi kuzifikiria.

Beverly hakula. Akaniita nje, kando ya tangi la maji. Alikuwa na uso wa mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. Akasema Furukombe wamekuwa wakimpigia yeye tangu Juni. Nilishika tangi.

"Nilikuwa nakataa, Kapteni. Nilisema, mimi nimezoea kuruka na wewe, kule nitakuwa na nani? Lakini uliponiambia unaenda, nikafikiria wiki nzima. Jana nimewaambia ndiyo. Kwa hivyo tutakuwa pamoja tu, huko huko!"

Alikuwa anacheka. Anafurahi kweli.

Mtu mmoja wa kunitaka alikuwepo, basi. Muda wote alikuwa amekaa kiti cha kulia kwangu ndani ya ndege, akiongea juu ya samaki.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni: Beverly, nilidanganya, usiende. Nikasema, "Vizuri sana. Umefanya la maana." Tukarudi ndani. Nikala paja langu na la kwake pia.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimempigia Mayaka nikasema nimebadilisha mawazo, Mbayuwayu ni nyumbani. Nilidhani atashangilia. Akasema sawa, hata hakuwa amepata mtu. Akaongeza kwamba afadhali, maana Beverly naye anaondoka, na huyo ndiye pigo hasa.

Huyo ndiye pigo hasa!

Nilimwambia Beverly asubuhi, kabla ya kupanda. Nilisema nimeamua kubaki. Akauliza Furukombe wamesemaje. Nikasema hatukuelewana kuhusu masharti. Akanitazama usoni. Ameruka nami muda mrefu kiasi kwamba anajua ninapotua vibaya hata kabla magurudumu hayajagusa ardhi.

"Kwa hivyo hakukuwa na ofa?"

Nikasema upepo leo unatoka kusini.

"Kapteni, si ungesema tu? Ungeniambia, Beverly, hapa nimechoka kuwa peke yangu. Mimi ningeelewa."

Nikasema mwonekano ni mzuri, mawingu yako juu. Akavaa vifaa vyake vya masikioni. Ahadi aliyowapa Furukombe haiwezi kurudishwa, na hata ingeweza, nisingethubutu kumwomba. Aliimba kidogo tulipovuka mabonde. Karibu na Nairobi akanyamaza.

Nyumba nayo imeenda. Mwalimu ameshahamia. Nimepata chumba mkabala na kinu cha unga. Kinu kinaanza asubuhi mapema na kukoma jioni. Angalau kuna sauti.

Jumapili, 28 Septemba

Rubani msaidizi mpya anaitwa James. Kijana mzuri, makini, hana neno. Namsomea orodha ya ukaguzi, ananijibu "sawa", "sawa", "sawa", halafu tunaruka. Juzi nilimuuliza kama ana dada. Akasema hapana. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya Septemba.

Ijumaa nilimwona Beverly, Homa Bay. Sare mpya inampendeza. Alikuwa upande wa pili wa uwanja, amezungukwa na abiria, akanipungia mkono juu ya vichwa vyao. Nikainama nikakagua gurudumu. Gurudumu lilikuwa zima kabisa. Nililikagua mpaka walipoondoka.

Leo asubuhi, ujumbe kutoka kwake! "Kapteni, Ijumaa ulinipita tu. Leo niko nyumbani Homa Bay, tunapika samaki. Dada zangu wamechoka kusikia habari zako, wanataka kukuona. Utakuja?"

Nimeusoma nimesimama. Nimeusoma nimekaa. Leo siruki. Gari la Homa Bay hupita Rongo na kufika mapema, chakula hakijaiva. Hakuna kitu chochote duniani kinachonizuia.

Kwa hiyo ilibidi kufikiri vizuri. Mtu akikubali haraka, ataonekana hana pa kwenda. Dada zake watamwonaje mtu wa hivyo? Lazima ajue kwamba muda wangu unagombaniwa. Nikamjibu kwamba ningependa sana, ila leo nina mkutano na watu wa kampuni fulani ya Kisumu, wamenisumbua mno, siwezi kutaja jina.

Akajibu: "Sawa Kapteni, kila la heri. Basi sisi tutakula tu."

Vizuri. Hatua ya kwanza imekwenda kama nilivyopanga. Sasa atakaa, atafikiri, atabembeleza. Ataandika, ahirisha huo mkutano, tafadhali. Nitachelewa kujibu kidogo, halafu nitakubali.

Kinu kimefungwa kwa ajili ya Jumapili. Simu iko mezani, sauti nimeipandisha mpaka mwisho. Nimeshaoga. Nimevaa lile shati zuri, na viatu.